Jozi Kumi na Sita za Magongo

Wajukuu zangu wa kiwanjani, nianze na karatasi. Wiki tatu zilizopita nilimpa Kabula karatasi mbili nyeupe na bahasha, nikamwomba awaandikie marafiki wetu wa ng'ambo barua ya kuomba vifaa. Mashindano ya kanda yanakuja, na ninyi mko kumi na sita mnaogawana magongo saba. Msipopata mengine hamwendi, hilo mnalijua. Kabula ndiye mwenye Kiingereza kizuri kuliko ninyi nyote, na kuliko mimi. Jana nikamuuliza barua imefika wapi. Akaangalia viatu vyake, akasema, "Bibi, naogopa nitakosea neno." Karatasi bado ni nyeupe vilevile nilivyompa.

Kwa hiyo leo hakuna mbio za kuzunguka uwanja. Kaeni hapo kwenye nyasi msome hii, mmoja asome kwa sauti na wengine mnyamaze. Nina habari ya neno moja lililokosewa, na mkosaji namfahamu vizuri sana.

Hili neno la kazi yetu lina matata toka zamani. Sisi tunacheza mpira wa magongo, sawa. Lakini mtu aliyevunjika mguu naye anatembelea magongo, na watu humpisha kwenye foleni. Na ile pombe inayopikwa kichochoroni nayo ni gongo, na aliyeinywa watu humpisha vilevile. Nimecheza miaka kumi na mmoja katika timu ya taifa, na sidhani kama ulipita mwaka ambao sikulazimika kueleza mimi ni yupi kati ya hao.

Safari moja tulikwenda kucheza Zambia kwa treni kutoka hapa Mbeya. Tulipofika mpakani, askari akaunyooshea kidole mfuko wetu mrefu.

"Humo mna nini?"

"Magongo, afande," nikasema.

"Gongo?" Akavuta kiti akakaa. "Lita ngapi?"

"Siyo ya kunywa, afande. Ya kuchezea."

"Yani mnaichezea?" Akamwita mwenzake aje asikie. Mfuko ukafunguliwa. Akalitoa moja, akalinusa kwanza, ndipo akalitazama vizuri juu na chini. Uso wake ukabadilika, akawa mpole kabisa. "Aa, poleni. Sasa mgonjwa mwenyewe yuko wapi?"

Nahodha wetu alikuwa mtu wa haraka. Akanishika bega akasema mgonjwa ni huyu. Nikavuka mpaka nikichechemea, na askari akanibebea begi mpaka kwenye behewa.

Hiyo ilikuwa afadhali. Siku nyingine gazeti liliandika kamstari kamoja kwamba binti wa Iringa yumo katika msafara wa magongo uliokwenda Harare. Mtu akawasomea shangazi zangu kijijini. Baada ya siku mbili walifika nyumbani kwetu saba, na kuku wawili na debe la unga, wakaketi sebuleni kimya. Mama akadhani kuna msiba upande wao, wao wakidhani kuna mkasa upande wetu, basi wakanyamaziana kwa muda mrefu. Mwishowe shangazi mkubwa akajikaza.

"Wifi, pole sana. Tumesikia mtoto saa hizi yuko kwenye magongo. Ni mguu mmoja au yote?"

"Yote miwili," Mama akajibu bila kucheka. "Na anakimbia."

Wale kuku waliliwa. Mama alisema kuwarudisha ni kuwavunjia heshima wageni.

Mama alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mfungaji wa netiboli. Alipokuwa na mimba yangu ya miezi mitano alikuwa bado anafunga mabao, na alidai mabeki wa timu pinzani waliogopa kumsogelea, ndiyo maana msimu ule alifunga mengi kuliko yote. Kaka yangu alikuwa golikipa wa soka hapa Mbeya. Dada yangu alirusha mkuki. Nyumba yetu pale Iringa mjini ilikuwa na vikombe vingi kuliko sahani, na wageni wengine tuliwapa uji kwenye ubingwa wa mkoa.

Kwenye ukuta wa sebule ilitundikwa jezi ya taifa ya Baba. Mgeni akiingia alionyeshwa jezi kabla ya kuonyeshwa kiti. Baba aliitwa timu ya taifa ya magongo mara moja katika maisha yake, akakaa benchi mashindano yote, mechi zote, na hakuingia hata dakika moja. Ile jezi ilikuwa safi kabisa kwa sababu haikuwahi kupata jasho. Mama alikuwa akiwaambia wageni, "Mume wangu ameiwakilisha nchi akiwa amekaa." Baba alicheka nao. Lakini mimi niliyekuwa nikikaa karibu yake nilimwona anavyoitazama ile jezi watu wakishaondoka. Alichotaka duniani ni mtoto wake mmoja aingie pale ambapo yeye hakuingia. Kaka alikwenda soka, dada akaenda mkuki, nikabaki mimi.

Sasa msije mkadhani nilikuwa na kipaji. Nchi nzima tulikuwa mabeki wa kushoto wa kike watatu, na mimi nilikuwa wa tatu kwa ubora. Wa kwanza akaolewa, mumewe akakataa. Wa pili akahamia netiboli, ambako walikuwa wanapewa sare mpya. Nikawa bora Tanzania nzima bila kuongeza hata hatua moja ya mbio. Kubaki nako ni kazi, na wengi wenye vipaji kuliko mimi iliwashinda.

Jezi yangu ilikuwa namba tatu. Beki namba tatu. Mnavyocheka hivyo ndivyo ukumbi wa harusi ya mpwa wangu ulivyocheka juzijuzi, mshereheshaji aliponitambulisha kuwa nilikuwa beki tatu wa taifa. Zamani zetu beki tatu hakuwa msichana wa kazi za ndani, ingawa na sisi tulikuwa tunasafisha makosa ya wenye nyumba.

Baba alikuwa fundi mbao. Mchezo alifundishwa na tajiri yake, Bwana Sohan, Kalasinga mwenye kiwanda cha mbao, aliyezaliwa Iringa na kukijua Kihehe kuliko mimi. Ukiingia kiwandani kwake ukasema shikamoo alikujibu, halafu akakudai na "kamwene" yake. Baba naye, kila jioni akitoka kazini, alikuja shuleni kwetu, shule ya bweni ya wasichana, kutufundisha bure. Si kwamba shule ilimwomba. Alikuja mara ya kwanza kutengeneza madawati, akaona uwanja mtupu, akarudi kesho yake na magongo mawili.

Mnaniuliza kila siku kwa nini nawakaripia juu ya mkono wa kushoto. Kwa sababu Baba alinikaripia. Mkono wa kushoto unashika juu, na huo ndio unaogeuza gongo. Wa kulia uko chini, unasindikiza. Gongo lina uso bapa na lina mgongo, na mpira unaguswa kwa uso tu. Ninyi mnataka mkono wa kulia ufanye kila kitu kwa sababu ndio unaoandika na kula, basi gongo linageuka, mpira unagonga mgongo, refa anapuliza, halafu mnasema gongo bovu. Kabula, wewe mkono wako wa kushoto ni mzuri. Ulianza na fimbo ya ng'ombe za baba yako kule Usangu, hukupata nafasi ya kujifunza vibaya.

Na kupiga. Mpira wa kweli tulikuwa nao mmoja tu, wa mechi. Mazoezi tulifanyia matonga mabichi, yale matunda ya porini yenye gamba gumu, ambayo yakiiva mnayanunua barabarani. Tonga bichi linakwenda vizuri kwenye udongo mkavu. Ila ukilipiga kwa hasira linapasuka, na sheria ya Baba ilikuwa kwamba aliyelipasua anapanda mlimani, kwenye yale mawe makubwa, kutafuta jingine. Kwa wiki mbili za kwanza nilishinda mlimani. Baadaye nikajifunza kupiga kwa kifundo cha mkono badala ya bega. Makocha wa kigeni walipokuja kunisifia mguso laini nilinyamaza tu, maana sikujua Kiingereza cha tonga.

Kiingereza chenyewe ndicho kilicholeta haya.

Nilikuwa kidato cha tatu. Ikatangazwa kuwa Dar kutakuwa na mchujo wa kuunda timu ya taifa ya wasichana, na shule yetu imealikwa. Tulikuwa wasichana kumi na sita wenye magongo saba, mengine yamefungwa waya. Mnaona sasa kwa nini hesabu yenu inaninyima usingizi. Mchungaji wa usharika wetu akasema kuna marafiki wa kanisa kule Ulaya, watu wema, wakiandikiwa vizuri husaidia. Baba akasema yeye ataandika. Mchungaji alimwangalia kidogo, kwa sababu Kiingereza cha Baba kilikuwa "ofsaidi," "kona," na "samu taim." Halafu akampa anwani.

Likizo ile nikaketi mezani nyumbani, Baba akanisomea kwa Kiswahili, mimi nikaandika kwa Kiingereza. Nilikuwa wa kwanza darasani katika somo hilo, na nilikuwa na kiburi cha kutosha shule mbili.

"Andika," Baba akasema, "tunaomba magongo kumi na sita."

Neno jepesi nililijua. Sisi wenyewe uwanjani tulikuwa tunasema stiki. Lakini nilipofungua kamusi ya shule nikaona neno hilo maana yake ni fimbo. Kwa mwanafunzi wa bweni wa siku zile fimbo ilikuwa na kazi moja tu, na kwa akili yangu sikutaka kuwaandikia Wazungu watuletee viboko kumi na sita. Nikageuza kurasa nikatafuta gongo. Palikuwa na maneno matatu. La kwanza lilikuwa rungu, nikaliacha, lilinitisha. La pili lilikuwa la pombe. La tatu lilikuwa na herufi nyingi na sauti nzuri, krachizi, sijawahi kulisikia popote, nikaona hili ndilo la watu waliosoma.

Nikaandika hilo. Nikaongeza kwa ufasaha wangu kwamba yawe imara, ya wasichana wa kimo cha kawaida, na kwamba tuliyonayo yanavunjika upesi kwa sababu tunakimbia nayo kila siku jioni. Baba akaniomba nimsomee kwa Kiingereza. Nikasoma. Akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho.

"Limekaa vizuri," akasema. "Hata mimi nimeelewa."

Akaweka sahihi yake chini, kubwa, ikala mistari mitatu.

Kasha lilifika wiki nne kabla ya mchujo. Mchungaji akaamua lifunguliwe Jumapili baada ya ibada, mbele ya kanisa, ili washarika wamshukuru Mungu kwa macho yao. Tukaletwa timu nzima tumevaa sare, tumepangwa mistari miwili. Mkuu wa shule yetu, mama mmoja aliyesimama wima hata akiwa amekaa, alivaa kitenge kipya. Baba alivaa ile jezi. Ilikuwa mara ya kwanza kuishusha ukutani.

Mchungaji akaanza na barua iliyokuja na kasha. Alisoma sentensi kwa Kiingereza, kisha akaitafsiri, na kadiri alivyotafsiri ndivyo sauti yake ilivyopungua. "Tumeguswa sana na habari za mabinti kumi na sita ambao... licha ya hali yao... wanakimbia kila siku jioni." Akatutazama miguu. "Tumeona kila mmoja kupewa moja haitoshi. Tumetuma jozi."

Baba na wazee wawili wa kanisa wakang'oa misumari. Wakatoa la kwanza. Lilikuwa zuri sana, la mbao nyeupe, juu limefunikwa ngozi ya kuwekea kwapa, chini lina mpira mweusi wa kuzuia kuteleza. Wakatoa la pili. Wakaendelea kutoa, kwa sababu hakuna aliyejua aseme nini, mpaka yakapangwa ukutani mwa kanisa yote thelathini na mawili.

Kwaya ndiyo iliyoanza kucheka. Baadaye watoto. Baadaye mtu mzima mmoja akasema, "Sasa ndo timu imekamilika," na kanisa zima likaangua kicheko.

Mkuu wa shule hakucheka. Alisimama, akangoja kimya kirudi, na kilirudi. "Shule yangu imeandikwa Ulaya kuwa ni shule ya vilema," akasema. "Nataka kujua aliyeandika barua ile. Awe nani, awe mwanafunzi awe nani, timu hii kuanzia leo ataiona kwa mbali."

Nilikuwa mstari wa mbele, wa tatu kutoka kushoto. Nawaambia ukweli, mdomo wangu ulifunguka. Nilihesabu kichwani kwamba nikisema ni mimi, siendi Dar. Basi mdomo ukabaki umefunguka vile bila kutoa kitu, na mpaka leo naona aibu nikiukumbuka.

"Mimi," Baba akasema.

Kicheko kikarudi mara mbili, maana kila mtu aliyekuwa mle alijua Kiingereza cha Baba. Mchungaji alijua. Mkuu wa shule naye, nadhani, alijua, ila alishatamka mbele za watu na jibu lilishapatikana. Baba alisimama pale na jezi yake safi, mikono nyuma, akawaacha wacheke mpaka wachoke. Kuanzia siku ile akaitwa Mzee Magongo, sokoni, kiwandani, hata kwenye mazishi. Jumatatu tukapewa kocha mwingine, mwalimu wa jiografia, mtu mwema aliyekuwa akisoma sheria za mchezo kwenye kitabu wakati mchezo unaendelea.

Mimi na Baba hatukulizungumza. Nilirudi bweni, yeye akarudi kiwandani. Alichofanya ni kumwomba Bwana Sohan mbao za muwati na pipa la mvuke. Kila siku baada ya kazi, wawili hao walipasha mbao mvuke, wakazikunja kwenye kalibu, wakazifunga, wakaziacha zikauke, wakazichonga. Mchujo una kanuni yake, refa anapitisha kila gongo kwenye pete ya chuma, na lisilopita halichezi. Baba hakuwa na pete hiyo. Alikata kipande cha bomba chenye upana uleule, akakitembeza kwenye kila gongo mpaka linateleza. Wiki ya tatu yakaletwa shuleni kumi na sita kwenye mkokoteni, na aliyeyaleta alikuwa Bwana Sohan, kwa sababu Baba aliambiwa asikanyage uwanjani.

Uwanja wetu ulizungukwa na ua wa michongoma. Siku ya pili ya mazoezi mapya, nikiwa nimepotea kabisa mahali pangu, nikasikia mtu anakohoa nyuma ya ua. Mara moja. Nikasogea mbele, nikaukuta mpira. Baadaye akakohoa mara mbili, nikarudi nyuma. Mara ya tatu kikawa kikohozi kirefu cha kukaripia, nikatazama mikono yangu, na kweli wa kushoto ulikuwa umeteremka chini. Ndani ya wiki moja timu nzima ilikuwa inacheza kwa kikohozi. Mwalimu wa jiografia aliingiwa na huruma. Akazunguka ua, akamshauri mzee yule aende hospitali akapimwe kifua, maana kifua kikuu kinaambukiza na hapa kuna watoto wa watu. Baba akaenda akapimwa. Akarudi na cheti kwamba mapafu yake hayana kasoro, akamwonyesha mwalimu, akaendelea kukohoa.

Dar magongo yote kumi na sita yalipita kwenye pete. Refa aliuliza yametoka kiwanda gani, nikamjibu ni kiwanda cha Iringa, akaandika. Nikachaguliwa, nimeshawaambia kwa sababu gani.

Mechi yangu ya kwanza ilikuwa Nairobi, kwenye nyasi bandia ambazo sikuwahi kuziona. Mimi nilizoea udongo wa Iringa, ambapo mpira unaruka kila unapokutana na kokoto. Nilijiandaa kuungoja uruke, ukapita chini yangu bila kuruka, ukaingia golini. Nikaungoja uruke mara ya pili. Tulifungwa saba, na mawili nayadai kuwa yangu. Lakini nilicheza dakika zote, hakuna wa kunitoa, beki mwingine wa kushoto hakuwepo. Niliporudi nyumbani, Baba hakuuliza matokeo. Aliitoa jezi kwenye begi, imekauka jasho mpaka imekuwa ngumu, akaiweka puani.

"Hii imecheza," akasema.

"Na itafuliwa," Mama akasema, akamnyang'anya.

Zikatundikwa mbili ukutani. Nikaendelea kucheza mpaka goti langu la kushoto lilipokataa, nikaolewa hapa Mbeya, nikafundisha michezo mpaka nikastaafu. Katika miaka yote hiyo nilirudi Iringa mara nyingi, tukala, tukacheka, tukabishana juu ya kona fupi. Habari ya lile kasha hatukuigusa. Watu walimwita Mzee Magongo mbele yangu na mimi nikacheka nao.

Baba alipozeeka aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Walimtibu kwenye hospitali ya misheni, na siku ya kuanza kutembea muuguzi akaenda stoo kumtafutia magongo. Akarudi na jozi moja ya mbao. Ngozi ya juu ilishachakaa na rangi imekuwa ya chai, lakini ubavuni palikuwa na namba iliyochomwa kwa chuma cha moto, kumi na moja. Mchungaji wetu ndiye aliyeyachoma namba siku alipoyakabidhi hospitali.

Baba akaipapasa ile namba kwa kidole.

"Hizi gongo ni za kwetu," akamwambia muuguzi.

"Hapana, mzee, ni za hospitali. Zipo hapa toka zamani, zimetembeza watu wengi hizo."

Akasimama nayo. Akayaegemea kwa makwapa, vibaya, kama wote wanaoanza. Nikamwambia, "Baba, usiegemee kwapa. Bonyeza kwa viganja."

"Sekela," akasema, "wewe unanifundisha mimi magongo?"

Nilicheka, halafu kicheko kikageuka. Nikamwambia palepale kwenye korido, muuguzi akisikia, "Baba, siku ile kanisani ningesema. Nilitaka kusema. Ni mimi niliyekufukuzisha timu."

Alikuwa anaangalia miguu yake, anapanga hatua.

"Kocha walipata mwingine Jumatatu," akasema. "Beki wa kushoto nilikuwa naye mmoja tu."

Akaenda hatua nne, akageuka, akarudi. Alitumia jozi ile miezi saba. Aliporuhusiwa kuiacha nikairudisha stoo mwenyewe, kwa sababu muuguzi alisema kweli, ni za hospitali. Baba ameshafariki sasa. Jina la Magongo nimelirithi mimi, na sijawahi kumrekebisha mtu anayeniita hivyo.

Basi, Kabula. Chukua karatasi yako. Andika kwamba mko wasichana kumi na sita, mna magongo saba, mnataka kwenda mashindanoni. Neno la kifaa chetu ni lile fupi, wanalijua, usitafute refu. Mengine andika unavyojua, usiniletee nisahihishe, Kiingereza changu mmeshaona kilichofanya.

Na kama utakosea, kasha likaja, likafunguliwa mbele ya watu wote, mkakuta jozi kumi na sita za kitu chochote kile, mtu atasimama aulize ni nani aliyeandika. Wewe usiseme neno. Baki kwenye mstari wako. Nitasimama mimi. Ila mnisubiri kidogo, goti hili linachelewa.